Askari Mwenye Mwanya

Sikwenda Kikopey kutafuta wafu. Nilikwenda kula mbavu za mbuzi, kama mtu yeyote mwenye akili anayesimama pale barabarani akielekea Nakuru, na haya meno yangu machache yaliyobaki nilikuwa nimeyapumzisha tangu asubuhi kwa kazi hiyo. Zakayo, mwenye bucha, ni mtoto wa watu wa kwetu; nilimjua akiwa bado anabebwa mgongoni. Alinikumbatia na mikono yake ya mafuta, akapaza sauti mbele ya wateja, "Anti Jerida! Bado uko? Mimi nilidhani ulikufa!" Nikamwambia nitakufa nikishamaliza kula vyake vyote vya bure. Akacheka, na ule mwanya wake wa meno ya juu ukaonekana wote. Hapo ndipo macho yangu yalipoteleza nyuma ya bega lake, kando ya mizani, nikaliona kabati la vioo. Lo! Nililijua kabati lile. Nililipangusa vumbi mwaka mzima wa ujana wangu. Ndani walikuwa wamesimama askari wa plastiki, kila mmoja urefu wa rula ya shule, wamevaa kaptura za kaki nilizozishona mimi kwa vidole hivi ambavyo siku hizi haviwezi hata kupenyeza uzi kwenye tundu la sindano.

"Umetoa wapi hii?" nikamuuliza. "Kwa marehemu Sajini. Watoto wake walikuja na lori kutoka Nairobi, wakauza kila kitu kama mitumba. Mimi nikachukua kabati na hizi midoli zake. Wateja wanazipenda sana, Anti. Na ona huyu, nimempa kazi." Akanionyesha kaunta. Askari mmoja alikuwa ametolewa kabatini, akanyang'anywa bunduki, mikono yake ikakunjwa mbele, na katika kumbatio lake akawekewa kopo la vijiti vya kuchokolea meno. Alikuwa akicheka. Katika kundi lile zima ni yeye peke yake aliyekuwa akicheka, na alikuwa na mwanya. Mbavu zilipoletwa nilizila, nisidanganye hapa, nilizila zote na kachumbari yake. Lakini sikuzionja. Habari ya kifo cha Sajini ilikuwa imenifikia nikipepeta mchele, nikaendelea kupepeta. Nilidhani nimemalizana naye.

Mwaka ninaousema ni wa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa kumi na saba, nimeletwa Nakuru kujifunza cherehani kwa Senje wangu, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Senje alikuwa ameolewa na Sajini, na walikaa mtaa wa Section 58, katika nyumba iliyokuwa na sebule moja, na sebule hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa ya jeshi. Viti vilisukumwa ukutani, vitambaa vya Senje vya kufuma vikaondolewa mezani, na mahali pa picha ya harusi likasimama kabati la vioo. Palinuka gundi na polishi ya viatu. Hadi leo fundi viatu akifungua kopo lake karibu nami, mimi huhamia upande wa pili wa barabara. Mchana Sajini alikuwa mweka stoo kwenye kinu cha unga, akirudi na nyusi nyeupe kama babu, na watu wa mtaa walimwamkia kwa heshima kwa sababu alipigana Burma katika jeshi la Mfalme, na katika kikosi chake kidogo hakurudi mwingine. Akishaoga na kunywa chai yake alivuta kiti mbele ya kabati, akaanza kuwatengeneza wenzake.

Nasema kuwatengeneza kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mzungu mmoja wa Njoro, akifungasha arudi kwao, alimuuzia sanduku la sanamu za askari zilizovunjwavunjwa na mwanawe: mikono huku, vichwa kule, miguu bila mwenyewe. Nyingine aliagiza kwenye duka la Mhindi mmoja mjini, mzee mpole aliyekuwa akimwambia kila mara, "Sajini, mtoto yako iko na bahati sana," naye anajibu, "Ndiyo, Bwana, niko na watoto wengi." Zilikuja zikiwa nyekundu kama Wazungu waliounguzwa na jua. Sajini alizivua, akazifungua. Ndani ya mwili hupita mpira unaoshika mikono na miguu kwa vikulabu vidogo, na mpira ukichoka askari hulegea kama mlevi. Yeye alikata mpira mpya kutoka tyubu ya baiskeli, akavuta kwa koleo, akanasa, mikono ikarudi kwa kishindo. Kisha akapaka polishi ya kahawia, akasugua, akapaka tena. Sura zote zilikuwa moja, kwa hiyo alipasha msumari kwenye jiko la Senje na kwa msumari huo akampa huyu kovu, yule pua pana, mwingine sikio lililokatika. Alikuwa hodari, sitamnyima hilo. Mtu mbaya anaweza kuwa na mkono mzuri.

Mimi nilipewa nguo. Kaptura, shati lenye mifuko, mshipi, vitambaa vya kuzungushia miguu kutoka kifundoni hadi chini ya goti, na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Kifungo kilikuwa ushanga. Mshono ukipinda, Sajini alinigonga vidoleni kwa ncha ya koleo, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi. "Fumua. Askari hafi na kifungo kibaya." Nilifumua nikilia machozi kwenye kaki. Senje alikuwa akisema na majirani kupitia michongoma, na mimi nikiwa dirishani namsikia: "Wenzangu wameolewa na mwanamume mmoja mmoja. Mimi nimeolewa na kikosi kizima, na hakuna hata mmoja anayeleta sukari!" Wanawake wakavunjika mbavu. Lakini asubuhi Sajini aliposimama mbele ya kabati na kuwaita majina, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, na baada ya kila jina akanyamaza kidogo kama anayesubiri kuitikiwa, hakuna aliyecheka katika nyumba ile. Senje aliacha kukoroga uji mpaka amalize.

Mama Zakayo alitujia Jumapili moja baada ya ibada. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kutoka Mau Narok, kule juu kwenye baridi ambako familia yake ilikuwa imepata shamba baada ya Uhuru, na alikuwa amesikia kanisani kwamba kuna mtu Nakuru ambaye amewafufua vijana wa Burma. Mkononi alishika jogoo aliyefungwa miguu. Huyu Zakayo ninayemsema si huyu wa bucha. Ni mwanawe wa kwanza, aliyekwenda vitani akiwa kijana na hakurudi, wala barua, wala kofia yake. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akiangalia uso baada ya uso, midomo ikitembea. Mwishowe akasema, "Wangu hayuko." Sajini akaweka mguu juu ya mguu. "Zakayo? Yule wa mwanya? Bado sijamtengeneza. Lakini mkono mtupu haulambwi, mama." Mama akampa jogoo kwa mikono yote miwili. "Nilikuletea huyu, mwanangu."

Shida yake ilikuwa hii, na niieleze vizuri kwa sababu vijana wa siku hizi hawaijui. Mwanawe mdogo alikuwa amepata mtoto wa kiume, na mtoto huyo alikuwa akilia. Hakuwa mgonjwa, zahanati walimwangalia wakasema mzima. Alilia tu, mchana kutwa, mpaka kitovu kikatokeza na mama yake akakonda. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee hujua kuna mtu anataka jina lake lirudi, na majina hutajwa moja moja mtoto akisikia. Walitaja ya mababu wote, akalia. Walipotaja Zakayo, akanyamaza, akanyonya, akalala. Lakini jina la mtu ambaye hajazikwa halipewi mtoto. Ni kama kumvua mtu nguo akiwa hai. Na mtu aliyepotelea mbali huzikwa vipi? Huchukuliwa mgomba wa pale pale nyumbani kwake, ukaliliwa, ukazikwa badala ya mwili. Basi huko Mau Narok, katika baridi ile ya ngano na viazi, mgomba hauoti. Mama Zakayo aliupanda mara nyingi akitazama majani yakiungua kwa umande wa barafu. Wa kuletwa kutoka kwingine wazee waliukataa, wakasema ni kuzika mtu wa watu. Tena wakauliza: nani alimwona akifa? Alikuwako mmoja tu aliyebaki duniani wa kujibu swali hilo, na alikuwa amekaa mbele yake akipapasa kifua cha jogoo kuona kama amenona.

Kwa hiyo alikuwa akitaka vitu viwili kwa Sajini, neno na sanamu. Neno, kwamba mwanawe alikufa kweli. Sanamu, aizike. "Mgomba haufanani na mtu," alimwambia. "Hii yako inafanana." Mtu mwingine angempa siku hiyo hiyo, akala jogoo wake kwa amani. Sajini alimwambia aje Jumapili ijayo.

Alikuja Jumapili ile, na iliyofuata, na zote za msimu ule wa mvua, akishuka kutoka Mau Narok na maziwa, na kabichi, na mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mahindi. Sajini alikuwa na marafiki wawili, wanaume wa kinu kile kile, waliokuja siku hiyo kunywa chai na kula mandazi ya Senje, na alipoona wamekaa sawasawa ndipo alipoanza. "Mama, nikuambie mtoto wako alikufaje?" Mama anasogea kwenye ncha ya kiti. Jumapili moja Zakayo alikufa kwa risasi akivuka mto. Jumapili nyingine alikufa kwa nyoka. Nyingine alikwenda msalani msituni, Mjapani akamkuta amechuchumaa. Wale wawili walicheka mpaka chai ikawatoka puani, na mmoja akasema, "Wacha, Sajini, utatuua!" Mama Zakayo alisubiri kicheko kiishe. Akauliza, "Alipokuwa anakufa, aliita nani?" Sajini akafuta mdomo. "Aliita ugali." Mimi nilikuwa nimesimama na birika mlangoni. Nilimchukia mtu yule siku ile na sijaacha, na kama kuna wanaosema marehemu hasemwi, waseme wao.

Siku nyingine alimtoa sanamu akiwa uchi, bila nguo wala kichwa, akamweka mezani kati ya vikombe. "Huyu ndiye Zakayo wako, mama, nimeanza. Lakini nakumbuka bomu lilimchukua mguu. Nitoe mguu ama niache?" Akaushika mguu, akauvuta polepole, mpira ukinyooka ndani ya nyonga mpaka ukaonekana, mweusi, huku akimwangalia mama usoni wala si sanamu. Mama alinyoosha mkono, akauweka juu ya mkono wake. "Wacha mguu, mwanangu. Wacha aende mzima." Akauachilia, ukarudi paa! Vikombe vikaruka. Kule jikoni Senje alikuwa akikata sukuma wiki na kisu kilikuwa kinagonga ubao kwa nguvu ambazo sukuma wiki haihitaji. Alinong'ona, "Hii mtu ilikufa huko huko na wenzake. Kilichorudi ni tumbo." Lakini hakutoka kumwambia. Sote tulikula kwake.

Uso wa Zakayo ulipotengenezwa, ulikuwa kazi nzuri kuliko zote. Sajini alimwambia mama amwonyeshe mwanya ulivyokuwa, mama akafungua mdomo wake mwenyewe, kwa maana mwanya ule ulitoka kwake, naye akaupima kwa macho na kuutoboa kwa sindano ya moto. Ili mwanya uonekane ilibidi mdomo ufunguke, ndiyo sababu Zakayo akawa askari anayecheka. Mama alipomwona alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. Akatoa kwenye kanga kipande cha kitambaa cha mistari ya buluu, kimechakaa hadi kinaonyesha upande wa pili. Kilikuwa cha shati aliloacha mwanawe nyumbani alipokwenda kujiandikisha. Akanipa mimi. "Msichana wangu, mshonee kwa ndani, karibu na mwili, asipate baridi." Nikamshonea ndani ya shati la kaki, upande wa kifua, na siku hiyo mshono wangu haukupinda.

Sajini bado hakumpa. Kilichomlazimisha hakikuwa huruma, kilikuwa sifa. Mzee Asava, mkubwa wa ukoo wao, alishuka mwenyewe kutoka Mau Narok amevaa koti na kofia, akapiga hodi, akasema mbele ya jirani zetu waliokuja kuchungulia, "Tumekuja kwa shujaa wa Burma. Ni yeye tu anaweza kutusaidia." Ala! Ungemwona Sajini. Alisimama wima, akavaa medali zake, akasema kwa sauti ya paredi kwamba yeye, kwa macho yake, alimwona Zakayo akianguka kwa risasi kifuani akimvuta mwenzake kutoka majini, na kwamba hakuteseka. Mama Zakayo alilia kwa mara ya kwanza. Sajini akamtoa askari mwenye mwanya kabatini, akampigia saluti, akamkabidhi kwa mzee. Mtaa mzima ukapiga makofi. Nilipoangalia kabatini, pengo lilikuwa limebaki katikati ya safu, na Sajini naye alikuwa akiliangalia.

Tulikwenda kuzika, Senje na mimi. Fundi wa kule alikuwa ametengeneza jeneza la mbao za mvule, dogo kiasi kwamba mzee Asava alilibeba kwapani, na kaburi lilichimbwa pembeni ya shamba la viazi, fupi lakini refu kwenda chini, kwa heshima. Upepo wa Mau Narok ulikuwa ukikata masikio. Wanawake walilia kilio kamili, hakuna aliyeona haya kwamba tunalilia plastiki, na nilipomtazama Mama Zakayo sikuona plastiki, niliona mtu anayeweka mzigo chini baada ya safari ndefu. Alimwambia, "Lala sasa. Umechelewa." Udongo uliporudishwa, mzee alimchukua yule mtoto, akamwita Zakayo mbele ya watu wote. Mtoto alipiga chafya. Tulikula viazi na kuku, na tangu hapo, walisema wote, kilio kile hakikusikika tena.

Mvua ndogo zilikuwa zimeanza Sajini alipotuambia anakwenda Mau Narok kununua viazi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa ambayo watu wote wa kule huwa kanisani. Alirudi alasiri na buti zimejaa tope, amebeba nusu gunia begani, mchangamfu, anapiga mluzi. "Jerida, osha hivi. Viazi vya Mau Narok, nimechimba kwa mkono wangu!" Nililiburuta gunia hadi kwenye karai, nikalipindua. Viazi vikaporomoka na udongo wao mweusi, na katikati ya viazi akaanguka askari, chali, kofia imebonyea, tope kinywani, akicheka. Nilipiga yowe. Senje akaja mbio akidhani nyoka. Alipoona, alikaa chini pale pale sakafuni kwa matako yake yote, akashika kichwa. "Baba Jonathani," alisema, akimwita mumewe kwa jina la mwanawe, "umechimbua mtu?" Sajini alikuwa akivua buti. "Sikuchimbua mtu. Nimechukua askari wangu. Safu yangu ilikuwa na pengo, na jeshi langu halina mtoro. Jeneza nimelirudisha na udongo nimeusawazisha, hawatajua. Jerida, fua hiyo nguo, piga pasi." Senje akasema, "Usiguse." Sajini akasema bila kuinua sauti kwamba asiyetaka kugusa kesho apande basi arudi kwao. Nilifua. Polishi ilitoka na maji pamoja na udongo wa kaburi, na siku hizo za kwanza kila nikinawa niliona hautoki. Viazi tulikula, kwa maana hakukuwa na kingine. Vilikuwa vitamu, na huo ndio ubaya wake.

Mama Zakayo alikuja kushukuru. Alikuja na mkaza mwanawe, mtoto amelala mgongoni, na jogoo mkubwa kuliko wote aliotuletea. Senje aliwakimbilia langoni, akasema sebule inapakwa rangi, wakae nje, wanywe chai kivulini. Tulikuwa karibu kufaulu. Lakini sauti ikatoka ndani: "Nani anafungia shujaa wangu nje? Karibu mama! Ingia uone jeshi limekamilika!" Wale marafiki wawili walikuwa wameketi na mandazi yao. Aliwaita maksudi, najua, kama alivyojua mimi najua.

Mama aliingia, akaanza kuwasalimu askari kama alivyozoea, mmoja mmoja, kwa majina. Alipofika katikati alisogeza uso hadi kwenye kioo. Sajini akafungua kioo. "Mshike, mama. Si ni wako?" Alimchukua. Alimwangalia usoni, pale kwenye mwanya, na kidole chake cha shahada kikafungua vifungo vya ushanga, kikaingia ndani ya shati, upande wa kifua. Niliona ule mstari wa buluu, nami nikaona kwamba ameuona. Mkaza mwana aliuliza kwa nyuma, "Mama, ni nini?" na akakaza mbeleko yake, kwa maana kama Zakayo yuko juu ya ardhi, basi mtoto mgongoni kwake amevaa jina la wizi, na kilio kitarudi, na safari hii hakuna wa kukinyamazisha. Mtoto alijinyoosha, akageuza shavu, akaendelea kulala. Mama Zakayo akafunga vifungo vyote, cha chini hadi cha juu, bila haraka. Akamrudisha askari mahali pake, akamnyoosha kofia.

"Huyu si wangu," alisema. "Wangu nimemzika."

Mmoja wa wale wawili alianza kucheka akidhani mchezo umeanza, akaishia njiani. Sajini akainuka. "Mama, angalia vizuri. Ni Zakayo. Mwanya ni huo." Mama akaonyesha mgongoni kwa mkaza mwanawe. "Zakayo ndiye huyu. Huyo wako simjui. Huyo ana mama yake mahali, mwanangu. Umtafute, umrudishie." Kisha akainama, akamwokota jogoo wake pale mlangoni alipomweka, akamtia kwapani, akatoka naye. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka kwetu akiwa na kitu mkononi.

Niliwasindikiza hadi kituo cha basi. Alitembea wima, haraka, mpaka tukamwacha nyuma mkaza mwana aliyekuwa akibembeleza mtoto. Kwenye kona alishika ukuta wa watu, akaegemea, nikasikia meno yake yakigongana ingawa jua lilikuwa kali. Nikafungua mdomo. Akanikatiza. "Usiseme. Ukisema nitakuwa nimejua." Baadaye akaniuliza, "Ni wewe ulishona kile kitambaa?" Nikasema ni mimi. "Ulishona vizuri," akasema, na basi likaja. Hakurudi tena Section 58. Alikufa baada ya miaka michache, akazikwa kando ya lile kaburi fupi, kama alivyoagiza. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wanasema, lakini huyu aliumeza na akatabasamu juu yake ili mtoto mwingine alale.

Sajini naye hakupata alichokuwa amekichimba. Kesho yake asubuhi aliita majina, jina na baba yake, kimya, jina na baba yake, kimya. Alipofika kwa mwenye mwanya alifungua mdomo, akaufunga. Alijaribu tena siku iliyofuata. Mwisho wa mwaka, nilipofungasha cherehani yangu kuondoka, alikuwa akimruka, anapita kwa anayefuata kama mtu anayeruka dimbwi. Nilifurahi. Hata leo nafurahi.

Haya yote niliyakumbuka Kikopey, mafuta ya mbuzi yakigandia vidoleni. Zakayo wa bucha alikuja kukaa mezani kwangu, akajifuta jasho kwa aproni. "Anti, watoto wa Sajini waliniambia wewe ndiye ulishona hizi nguo. Niambie basi, hawa walikuwa watu ama ni kucheza tu?" Nikamwambia walikuwa watu. Nikamtajia wote waliomo kabatini, majina bado ninayo, niliyasikia kila asubuhi mwaka mzima. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akamchukua yule wa kaunta na kopo lake, akamweka kati yetu, akacheka ule mcheko wake, nyuso mbili zikanitazama kwa mwanya mmoja. "Na huyu? Watu husema anafanana na mimi. Unajua mimi nimeitwa jina la baba mkubwa, aliyekufa Burma. Kaburi lake liko pale kwetu, dogo tu, kando ya la nyanya. Kila Desemba mimi mwenyewe ndiye nalipalilia, siachii mtu. Sasa nikaona huyu nikasema, isije ikawa..."

Alikuwa mzee wa kiasi sasa, mvi kidevuni, tumbo la mtu anayelala vizuri.

"Wa kwenu alizikwa," nikamwambia. "Nilikuwepo, nilimlilia. Huyu simjui."

"Afadhali," akasema, akacheka. "Ningekuwa nimemkosea heshima."

Akanisukumia askari kwa upole, kama mwenye hoteli yeyote anavyofanya mteja akimaliza kula. Nikanyoosha mkono, nikachukua kijiti kimoja kwenye kumbatio lake, nikachokoa meno.